Mhunzi safarini: Kwa nini kufua upanga kunazua mvutano katika michezo ya njozi

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons mtu anaweza kuchagua kuwa mhunzi. Shida huanza kundi linapoondoka mjini: tanuri linabaki nyuma, adui hasubiri, na kitabu cha kanuni cha mwaka 2014 kilisema deraya moja ya chuma huchukua siku 300 kutengenezwa.

Dungeons & Dragons ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Matoleo yamebadilika mara kadhaa, lakini namna ya kucheza ni ileile. Watu wachache wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake: mpiganaji, mchawi, kuhani, mwizi. Mmoja wao, msimamizi wa mchezo, anausimulia ulimwengu na kuwaigiza watu na majitu yote wanaokutana nayo. Jambo likiwa na shaka, dadu yenye nyuso 20 inarushwa.

Sasa chukua kundi ambalo mmoja wa wachezaji amemfanya mhusika wake binti wa mhunzi. Amenunua vifaa, ameandika historia ya karakana ya baba yake, na shabaha yake ni kufua upanga utakaobeba jina la ukoo. Msimamizi naye ameandaa kisa cha watoto wa kijiji waliotekwa, na zimebaki siku tisa kabla hawajavushwa mpaka. Usiku wa kwanza kambini mhunzi anauliza: naweza kuanza kufua? Wenzake wanatazamana. Akikubaliwa, watoto wanaweza kupotea. Akikataliwa leo, kesho na keshokutwa, atakuwa amecheza mwaka mzima na mhunzi asiyegusa nyundo.

Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Watu hawa hukutana kwa saa tatu au nne, pengine mara moja kwa wiki, na mchezaji anayeona chaguo lake halina nafasi huacha kuja.

Vitabu vinasema nini?

Toleo la tano la mchezo huu, lililotoka mwaka 2014, lina kanuni fupi. Mhusika mwenye ujuzi wa vifaa vya uhunzi anatengeneza kitu chenye thamani ya sarafu 5 za dhahabu kwa kila siku ya kazi, na malighafi zinamgharimu nusu ya bei ya sokoni. Kitabu kinaongeza kwamba kufua upanga au deraya kunahitaji tanuri. Upanga mrefu wa sarafu 15 huisha kwa siku tatu. Deraya kamili ya mabamba ya chuma, inayouzwa sarafu 1,500, ndiyo hiyo ya siku 300, na mfano huo umo kitabuni. Wakisaidiana watu watatu wenye ujuzi, inashuka hadi siku 100.

Wachezaji wengi huiona kanuni hii kama ya kuwakatisha tamaa. Ukipiga hesabu, hata hivyo, haina ujinga wowote. Mhunzi anatumia sarafu 750 za malighafi kupata deraya ya 1,500, kwa hiyo ameokoa 750 katika siku 300, yaani sarafu mbili na nusu kwa siku. Kitabu hichohicho kinasema fundi wa kukodi hulipwa sarafu 2 kwa siku. Mhunzi basi anapata ujira wa fundi. Kinachomfanya aone anapoteza muda ni kwamba wenzake hawaishi kwa ujira. Wanaishi kwa hazina za mapangoni, na sanduku moja la joka linaweza kuzidi jasho lake la mwaka mzima.

Kuna ukuta mwingine ambao watu huupita bila kuuona. Silaha na deraya zikiuzwa na wahusika, kwa kawaida hupata nusu ya bei ya sokoni. Nusu ndiyo gharama ya malighafi. Faida ni sifuri. Bila kanuni hiyo kundi lingeweza kufungua duka la mapanga na kumsahau joka.

Kwa vitu vya uchawi hali ilikuwa ya kuchekesha zaidi. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 2014 ulikadiria kitu cha daraja la juu kabisa kuwa cha sarafu 500,000, na kazi ikisonga kwa sarafu 25 kwa siku. Hizo ni siku 20,000, karibu miaka 55. Mhusika mwenye umri wa kawaida wa binadamu angeanza akiwa kijana na kumaliza akiwa kikongwe.

Mwaka 2017 kitabu cha nyongeza, Xanathar's Guide to Everything, kilirekebisha. Kazi ikaanza kuhesabiwa kwa wiki za siku tano, sarafu 50 kwa wiki, na kitu cha uchawi cha daraja la juu kikashuka hadi wiki 50 na sarafu 100,000. Jipya zaidi lilikuwa sharti la malighafi: kila kitu cha uchawi kinahitaji kiungo kisicho cha kawaida, na kukipata lazima kundi lipambane na kiumbe wa nguvu inayolingana. Kwa hatua hiyo uhunzi uliacha kuwa shughuli ya kubaki nyumbani. Ukawa sababu ya safari.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kinarahisisha zaidi: gawa bei kwa kumi, upate siku za kazi za saa nane. Deraya ile sasa ni siku 150, upanga mrefu siku mbili, na siku si lazima zifuatane. Kanuni hii ya mwisho ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwani mhunzi anaweza kuanza kazi katika mji mmoja na kuimalizia katika mwingine.

Zamani je? Toleo la tatu la mwaka 2000 lilikuwa na hesabu ya kurusha dadu kila wiki, kuzidisha matokeo na ugumu wa kazi, kisha kusoma jibu kwa sarafu za fedha. Deraya ileile ingechukua wiki zipatazo 42 kwa mhunzi anayepata jumla ya 20 kila mara. Na aliyetengeneza kitu cha uchawi alilipa pia sehemu ya alama zake za uzoefu, kana kwamba ameacha kipande cha nafsi ndani ya chuma. Kwa wazo ni zuri. Mezani liliwafanya watengenezaji wabaki nyuma ya wenzao.

Moto wa kambi haufui upanga

Anayetaka kuamua kwa haki kinachowezekana porini afadhali ajue mhunzi wa kweli anafanya nini. Chuma hakifuliwi kwenye moto wa kuni wa kuchemshia chai. Pua, yaani chuma kigumu cha kutengenezea makali, hufuliwa ikiwa kwenye nyuzijoto kati ya 900 na 1,200 za Selsiasi, na ili kufika huko unahitaji makaa na hewa inayosukumwa kwa mivukuto bila kukoma. Mhunzi husoma joto kwa rangi: nyekundu iliyofifia, nyekundu ya cheri, rangi ya chungwa, njano. Ikifikia kutoa cheche nyeupe, chuma kinaungua na kazi imeharibika.

Umbo likishapatikana, upanga huchomwa hadi takriban nyuzi 800 na kuzamishwa ghafla kwenye mafuta au maji. Unakuwa mgumu, lakini pia mwepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto dogo, nyuzi 200 hadi 300, ili upate unyumbufu. Baada ya hapo ndipo huja tupa, jiwe la kunolea, mpini na ala. Kosa moja wakati wa kuzamisha, ufa unapita katikati na siku zote zile zimekwenda.

Deraya kamili ilikuwa jambo jingine kabisa. Katika miji ya Ulaya iliyosifika kwa deraya, kama Milan na Augsburg, haikuwa kazi ya mtu mmoja. Wengine walipiga mabamba, wengine walisugua na kung'arisha, wengine walifunga bawaba na mikanda. Siku 300 za mtu mmoja anayefanya yote hayo peke yake si hesabu ya kushangaza.

Hata hivyo, mhunzi anayehama si ndoto. Miongoni mwa Wamaasai, wahunzi wanaoitwa Ilkunono wametengeneza mikuki na simi kwa jamii ya wafugaji wanaofuata malisho. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mhunzi aliweza kufanya kazi kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, bomba la udongo la kupitishia hewa na jiwe badala ya fuawe ya chuma. Vitu hivyo vinabebeka au vinapatikana njiani. Wasimamizi wanaopenda uhalisia wangefaidika pia kukumbuka nafasi ya mtu huyo katika jamii. Ilkunono walihitajika na papo hapo wakatengwa, hasa katika ndoa. Kwa Wapare, ukoo wa Washana ndio uliojulikana kwa uhunzi. Katika vitabu vingi vya njozi mhunzi ni muuzaji tu aliyesimama nyuma ya meza, jambo linalopoteza hadithi nyingi nzuri.

Kipi kifanyike njiani, kipi kingoje mji

Vifaa vya uhunzi katika toleo la tano vina uzito wa ratili 8, chini kidogo ya kilo nne. Xanathar's inavitaja: nyundo, koleo, makaa, vitambaa na jiwe la kunolea. Fuawe haimo. Hilo peke yake linachora mpaka. Kambini mtu anaweza kunoa, kunyoosha bamba lililobonyea, kubadilisha ribiti na kukaza mikanda. Kitabu kinaruhusu pia, kukiwa na moto wa kutosha kulainisha chuma, kurejesha alama 10 za uimara wa kitu kilichoharibika kwa kila saa ya kazi. Msimamizi ambaye adui zake hupasua ngao na kupinda mapanga atakuwa amempa mhunzi kazi kila usiku, bila kuongeza hata siku moja kwenye safari.

Kanuni za 2024 zimeongeza kipaji cha ufundi: mhusika akimaliza mapumziko marefu anaweza kuwa ametengeneza kitu kidogo kama gololi za chuma, ndoo, kulabu ya kupandia ukuta au miiba ya chuma ya kumwaga njiani. Kinadumu hadi mapumziko marefu yanayofuata, kisha kinasambaratika. Wapo wanaolicheka wazo la ndoo ya siku moja. Lakini kwa kundi linalofukuzwa, miiba hiyo iliyotengenezwa usiku inaweza kuwazuia farasi wa adui asubuhi, na mhunzi anakuwa ndiye aliyewaokoa.

Kwa kazi kubwa, njia inayofanya kazi vizuri ni kuigawanya. Safarini mhunzi anatafuta: madini ya mgodi uliotelekezwa, magamba ya joka, makaa ya mti fulani. Kambini anatayarisha, akichora, akichonga mpini, akishona ala. Tanuri linapopatikana, wenzake wanakuwa na shughuli zao mjini: mchawi ananakili maandishi, mwizi anasikiliza habari, kuhani anahudumia wagonjwa. Siku mbili za upanga zinapita kwa wote kwa pamoja na hakuna anayemngoja mwenzake. Dadu irushwe mara moja tu, wakati wa kuzamisha chuma, maana hapo ndipo hata mhunzi wa kweli hushika pumzi.

Mwongozo wa msimamizi wa 2024 unatoa njia nyingine: kuanzia ngazi ya tano wahusika wanaweza kuwa na makao yao, pamoja na karakana ya uhunzi yenye wafanyakazi, na maagizo hutolewa kila baada ya siku saba za mchezo. Kazi inaendelea wakiwa mbali. Ni njia safi, ila inamgeuza mhunzi kuwa mwajiri, na si kila mchezaji aliyetaka kushika nyundo anataka kutuma maagizo. Pathfinder, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, uliwaachia wachezaji chaguo: fanya kazi siku nne, kisha ama ulipe bei iliyobaki na uchukue kitu chako, ama uendelee kufanya kazi ili kupunguza gharama. Aliye na haraka analipa, mwenye muda anaokoa. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo kanuni ya haki kuliko zote kwa kundi lenye adui mgongoni.

Michezo ya kompyuta imepambana na tatizo hilohilo. Katika Skyrim ya mwaka 2011 muda wa kufua haukuwa na uzito, na wachezaji wakakaa mbele ya fuawe wakitengeneza visu vya chuma kwa mamia ili kupandisha ujuzi. Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023 na inayofuata kanuni za toleo la tano, ilikwenda kinyume. Tanuri kubwa la adamanti liko chini ya ardhi juu ya lava, linalindwa na jitu la chuma, na madini yanayopatikana yanatosha vitu viwili pekee. Kundi linalazimika kuamua pamoja: ngao au deraya, na ya nani?

Swali kama hilo linafaa kuulizwa mezani kabla ya safari ya kwanza, mchezaji anaposema tu kwamba mhusika wake ni mhunzi: unataka kutengeneza kitu gani, na ungependa kiwe tayari katika kikao cha ngapi? Akijibu upanga wa ukoo, kabla ya kumkabili mtekaji, msimamizi anaweza kuliweka tanuri katika kijiji cha njiani, siku ya nne kati ya zile tisa.