Maji ya Kipini Yatokea Malindi

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Neno hilo lilisimama imara hadi binadamu alipojua kutoboa milima. Leo yako maji katika Kenya yanayozaliwa katika bonde la mto mmoja na kuishia katika bonde la mto mwingine. Sisi watu wa pwani, tukaao kwenye mwisho wa mito yote miwili, hapana budi tuzijue habari zake.

Nilikwenda Embu kuutazama mto Tana kabla haujatufikia. Huko mabwawa matano yamefuatana kama shanga katika uzi. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, likafuata Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kule Kiambere maji huingia katika handaki lililochimbwa ndani ya mwamba, yakazungusha mitambo, kisha yakarudi mtoni. Kutoka hapo nguzo za umeme zimetandaa hadi Rabai, kwa hiyo taa iwakayo Mombasa huenda imewashwa na maji ya Embu. Handaki la namna hiyo ni kama mkopaji mwema: hukopa, akarejesha.

Lakini kuna handaki la namna nyingine. Limo Murang'a, kusini-magharibi ya Embu, juu ya mabwawa hayo yote. Huko mito ya Maragua, Gikigie na Irati hutelemka kutoka milima ya Nyandarua ikaenda kuujaza Tana. Handaki la urefu wa kilomita 11.8, lililofunguliwa mwaka 2022, hukinga sehemu ya maji ya mito hiyo na kuyapitisha chini ya ardhi kuelekea bwawa la Ndakaini, yapate kunywewa Nairobi. Limekadiriwa kupeleka mita za ujazo 140,000 kwa siku. Nairobi imo katika bonde la mto Athi. Maji yakisha kutumika mjini, yanayosalia huingia Athi, ambao ukiteremka huitwa Galana, na mwisho wake ni Sabaki, unaomwaga baharini kaskazini ya Malindi. Basi tone lililoandikiwa Kipini hutokea Malindi, tena limekwisha pita katika mifereji ya jiji.

Sisemi watu wa Nairobi wakae na kiu. Kumnywesha mwenye kiu ni sadaka, na tangu zamani mji huo umetegemea maji ya vijito vya Tana. Neno langu ni moja. Wenye mradi husema kwamba yanayochukuliwa ni maji ya mafuriko tu, yaani ya ziada. Je, ni ziada kwa nani?

Muulize Mpokomo wa bonde la chini. Kwake mafuriko ya wastani ndiyo mbolea na ndiyo jembe. Maji hupanda kingo wakati wa masika na wa vuli, yakaacha tope lenye rutuba, na hapo mpunga hupandwa. Maziwa madogo hujaa samaki, na malisho hupatikana kwa ng'ombe wa Waorma ukame ukizidi. Mto ukikosa nguvu, bahari hupanda mtoni, na chumvi ikaingia mashamba ya Ozi na Kipini. Walakini mvua ikipita kiasi, kama mwaka 2018 na 2024, mabwawa hushindwa kuzuia, na maji yote hutufikia kwa pamoja yakibomoa nyumba. Mafuriko madogo yenye faida hukingwa huko juu. Makubwa yenye madhara huja.

Kutoka Embu nilishika njia ya Meru. Kwenye daraja la mto Thuci nilimkuta mzee mmoja, nikamwamkia, nikamwuliza maji yale yaenda wapi. Akanijibu, "Yaenda kwenu, mwanangu, kwa Waswahili." Alisema kweli. Thuci, Mutonga na Kathita hutoka mlima Kenya zikaingia Tana chini ya Kiambere, pasipo bwawa kubwa la kuzizuia. Mito hii ya Meru ya zamani ndiyo hutuletea sehemu kubwa ya mafuriko na tope lililobaki huru. Nayo pia imetazamwa: kwa miaka mingi serikali imekuwa na mpango wa kujenga bwawa kubwa la High Grand Falls chini ya makutano hayo.

Katika sheria yetu jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) aliamua habari ya kijito cha Mahzur, Madina: aliye juu ayazuie maji hadi yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amfungulie aliye chini yake. Zingatia hekima hiyo. Wa juu hakukatazwa kunywesha shamba lake, bali aliwekewa kipimo. Na wa chini hakuambiwa angoje makombo, bali alipewa haki yake.

Kipimo cha namna hiyo ndicho tunachokosa katika Tana. Kabla mlima mwingine haujatobolewa, na kabla bwawa jingine halijajengwa, na iandikwe kwa hesabu ni mafuriko ya kadiri gani yatafunguliwa kila masika na kila vuli kwa ajili ya Kipini, Ozi na Garsen. Na watu wa huko waitwe wakae barazani hesabu hiyo inapofanywa.