TAIRI LA JUA NA TAIRI LA MVUA: Nasaha kabla ya kushika njia ya Umra



Kila likizo ya shule inapokaribia, familia zetu nyingi hapa Riyadh huanza kupanga safari ya Umra kwa gari. Mama hutayarisha nguo za ihramu na chakula cha njiani, watoto hugombania kiti cha dirishani, na baba huliosha gari mpaka likang'ara. Kinachosahauliwa ni kile kitu pekee kitakachoigusa barabara kwa kilomita 950 hivi mpaka Jeddah, nacho ni matairi. Mwezi huu tuzungumze juu ya matairi, hasa yale ya mwendo kasi, ambayo vijana wetu huyapenda kwa sura na wazee huyanunua kwa bei, na wote wawili huenda wasijue wamenunua nini.

Si zamani sana mpwa wangu aliniomba nifuatane naye hadi kwa banshari, kama tuwaitavyo hapa mafundi wa pancha. Alikwisha kuchagua. "Mjomba," akaniambia, "hebu yatazame haya. Mapana, ya mwendo, na bei yake ni nusu." Na kweli yalipendeza. Yalikuwa yamepakwa dawa ya kung'arisha hata yakawa meusi kama kaniki, na kashata zake zilikuwa nzima, hazijagusa barabara. Nikavaa miwani, nikainama, nikazitafuta zile tarakimu nne za ubavuni. Zilikuwa 1416, yaani tairi lilitengenezwa katika wiki ya 14 ya mwaka 2016. Muuzaji aliponisikia nikizisoma kwa sauti, alinijibu kwa Kiarabu kwamba tairi si maziwa, halichachi. Nikamwambia kuwa mpira nao huchacha, ila harufu yake husikika siku ya ajali. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, na mpwa wangu amenuna njia nzima. Ana watoto watatu.

VIGANJA VINNE

Gari liwe zito namna gani, huigusa ardhi kwa mahali panne tu, na kila mahali hapo hapazidi sana upana wa kiganja cha mtu mzima. Juu ya viganja hivyo vinne ndipo hutegemea kila analolitenda dereva: kuondoka, kukata kona, kusimama. Breki husimamisha gurudumu. Linalosimamisha gari ni tairi kuing'ang'ania lami.

Katika barabara kavu, tairi linaloshika zaidi ni lenye mpira laini na lisilo na mifereji, kwani mpira wote huigusa lami. Ndiyo sababu magari ya Formula 1, yaliyoanza kushindana Jeddah kando ya bahari mwezi Disemba 2021, hukimbia katika ukavu kwa matairi yaliyo kipara kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, tairi hilo halifai tena. Huvishwa tairi lenye mifereji mirefu ambalo, kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, huweza kutoa maji lita 85 kwa sekunde moja. Lakini wale wana matairi ya kila hali na mafundi wa kuyabadilisha kwa sekunde chache. Sisi tuna seti moja tu ya mwaka mzima, na fundi wetu ni jeki iliyomo nyuma ya gari.

Maji yasipopata njia ya kutoka, tairi huyapanda juu na kuteleza kama jiwe bapa alirushalo mtoto baharini. Wakati huo usukani huwa mwepesi mkononi, na breki hazina la kufanya. Watafiti wa NASA ya Marekani walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege zinazotua penye maji, wakapata kanuni ya kukadiria mwendo ambao tairi huiacha ardhi. Pale kina cha maji kinapozidi mifereji, tairi lenye upepo wa PSI 32 huanza kuelea kwenye kilomita 94 hivi kwa saa. Upepo ukishuka hadi 24, ni kilomita 82 hivi. Nasi tunasafiri katika nchi ambayo tangu mwaka 2018 kikomo cha mwendo katika baadhi ya barabara kuu kimepandishwa hadi kilomita 140. Kikomo hicho ni cha siku ya jua.

"HAPA HAKUNA MVUA"

Neno hili nimelisikia mara nyingi, na ndilo linalonitia hofu kuliko tairi bovu. Ni kweli kwamba Jeddah hupata milimita 50 hivi tu za mvua kwa mwaka. Lakini siku ya tarehe 25 Novemba 2009, mwezi 8 Dhulhija, mahujaji wakielekea Mina, zilinyesha milimita 90 hivi kwa muda wa saa nne. Watu zaidi ya 100 walifariki, wengi wao wakiwa ndani ya magari, na mtaa wa Quwaizah ukaharibika vibaya. Mwezi Januari 2011 mafuriko yakarudi. Tarehe 24 Novemba 2022 zilipimwa milimita 179 kwa saa sita, na barabara ya kwenda Makka ikafungwa kwa muda. Riyadh nayo ina historia yake: mvua ya mawe na mafuriko ya Mei 2010, na mafuriko ya Novemba 2013 yaliyojaza njia za chini ya madaraja.

Hata mvua ndogo ina hatari yake. Miezi mingi ya ukavu huacha juu ya lami vumbi, mafuta na unga wa mpira, na matone ya mwanzo huyageuza yote hayo kuwa utelezi kama wa sabuni. Kisha kumbukeni kwamba safari yetu hupita Taif, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenye ukungu na mvua za ghafla, kabla ya kuteremka kwa kona za al-Hada au kuzungukia miqati ya as-Sayl al-Kabir. Mtu huondoka Riyadh katika jua kali, akaikuta mvua akiwa amekwisha kuchoka.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatupaswi kufundishwa haya na wageni. Mashindano ya Safari Rally yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, masika yanapoanza, na mwaka 1963, kisha tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Njia iliyokuwa vumbi asubuhi iliweza kuwa tope jioni.

KUUSOMA UBAVU WA TAIRI

Je, tuchague la jua au la mvua? Wengi hudhani kuwa ni lazima kupoteza moja ili kulipata jingine. Kwa matairi ya uwanjani ni kweli. Lakini tairi zuri la mwendo lililotengenezwa kwa ajili ya barabara hujumuisha yote mawili: mifereji mipana ya kutoa maji, na mpira uliochanganywa na silika, utaalamu ulioenea tangu miaka ya 1990, ambao husaidia kushika penye maji. Huko Ulaya huitwa tairi la kiangazi, na jina hilo huwapotosha watu wakadhani ni la ukavu tu. Maana yake ni kwamba hufanya kazi vizuri katika joto linalozidi nyuzi 7, liwe kavu au la mvua. Kwetu Riyadh na Jeddah, hilo ndilo tairi letu. Tairi lenye herufi M+S lilikusudiwa tope na theluji, na mengi ya aina hiyo hulegea mno katika joto letu.

Basi ukifika dukani, inama usome yafuatayo.

Kwanza, tarehe. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, hata kama kashata zimebaki. Jua letu halingoji hata huko. Ukiona mipasuko myembamba ubavuni, tairi limekwisha. Lichunguze na tairi la akiba, maana nalo huzeeka humo gizani.

Pili, kipimo. Tairi lililoandikwa 225/45R17 94W lina upana wa milimita 225. Namba 94 ni uwezo wa kubeba kilo 670. Na W ni mwendo usiozidi kilomita 270 kwa saa. Hatuitafuti herufi kubwa ili tuufikie mwendo huo. Usishuke tu chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari. Baba, mama, watoto wanne na masanduku ni mzigo mzito.

Tatu, madaraja ya Kimarekani yanayochapwa ubavuni. Daraja la joto ni A, B au C. Hapa tusikubali chini ya A. Daraja la kushika breki penye maji ni AA, A, B au C. Tafuta AA au A. Ile namba nyingine ni ya kudumu: tairi la 200 ni laini, hushika sana na huisha upesi, la 500 hukaa muda mrefu, lakini kwa kawaida hushika kidogo zaidi. Kwa gari la familia lenye mwendo, baina ya 300 na 400 ni wastani mzuri.

Nne, kibandiko cha Saudia. Tangu mwaka 2015 matairi ya magari yanayouzwa nchini hutakiwa kuwa na kibandiko kinachoonyesha daraja la kushika penye maji na la kuokoa mafuta. Watu hukibandua bila ya kukisoma.

Jambo jingine ni upana. Tairi pana husaidia katika ukavu, lakini katika maji lina kazi kubwa zaidi ya kuyasukuma, kwa hiyo huelea mapema. Kijana anayebadilisha ringi na kuvisha matairi mapana kuliko aliyoyakuta, amenunua sura kwa ajili ya siku mia tatu na hatari kwa ajili ya siku kumi.

JOTO, UPEPO NA KASHATA

Kuna desturi iliyoenea ya kupunguza upepo wakati wa kiangazi, eti tairi lisipasuke. Huku ni kulitafuta balaa. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hujichemsha lenyewe, na hilo ndilo lipasukalo. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kila joto likibadilika nyuzi 5 au 6, upepo nao hubadilika kiasi cha PSI moja. Kwa hiyo aliyejaza mwezi Agosti akangoja mpaka Januari, anaendesha na upungufu.

Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vinavyoonyesha milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi ni kipara. Lakini tairi jipya huwa na milimita 8 hivi, na likishuka chini ya 3 uwezo wake penye maji hupungua sana, ingawa penye ukavu hutaona tofauti. Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Na ukiwa na fedha za matairi mawili tu, yavishe nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na madereva wachache sana huweza kulirejesha.

PALE TAIRI LISIPOFAA KITU

Hakuna tairi la kuvukia mafuriko. Sentimita 30 za maji huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 zinazokwenda kwa kasi huchukua hata magari makubwa. Ukiona bonde lina maji au njia ya chini ya daraja imejaa, rudi. Umra haina dakika maalumu, na sheria ya barabarani ya nchi hii humtoza faini kubwa mwenye kuingiza gari bondeni maji yanapopita.

Ndugu zangu, wahenga walisema ajali haina kinga, nasi tumeushika msemo huo kama udhuru. Lakini katika dini yetu tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Ngamia wetu ana miguu minne ya mpira.

Mpwa wangu alirudi kwangu baada ya wiki mbili. Alikuwa amenunua matairi mapya yenye upana ule ule wa gari lilivyotoka kiwandani, na kwa ajili yake akaahirisha kununua simu mpya. Siku ya safari alinipigia kutoka miqati. "Mjomba, mvua ilitukuta kabla ya Taif, mpaka hatukuona mbele. Nilipunguza mwendo hadi sitini. Gari halikucheza." Nikamuuliza watoto wanafanya nini. Akasema wamelala tangu saa mbili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azikubali ibada zenu na awafikishe salama, nyinyi na dhuria zenu. Amin.

Wabillahi tawfiq.