Gothenburg, Oslo au Barcelona? Chagua jiji la mpira, siyo jiji la picha

WAULIZE chipukizi kumi wa mtaani kwako wanataka kwenda jiji gani Ulaya, majibu unayajua tayari: London, Manchester, Madrid, Barcelona. Hakuna atakayekutajia Hjørring. Wengi hata kulitamka watashindwa.

Lakini kama wewe ni kocha wa akademi, mwalimu wa michezo au mzazi unayechangishwa mamilioni ili timu ya U-15 ikapande ndege, jina la jiji lisikupumbaze. Swali la kujiuliza ni moja tu: mtoto atacheza mechi ngapi huko, na atarudi na nini?

Tuyaweke majiji mezani, moja baada ya jingine.

LONDON NA MADRID: VITI VITUPU

Safari nyingi za watoto hupangwa katikati ya mwaka. Tatizo ni kwamba kipindi hicho Ligi Kuu England na La Liga zimefungwa. Zinamalizika Mei, zinarudi Agosti. Utalipa kiingilio, mtatembezwa uwanjani, mtapiga picha kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, mtanunua jezi, basi. Mechi hakuna.

London ina mzigo mwingine. Uingereza haimo kwenye Schengen, hivyo viza yake inajitegemea. Hiyo ya Schengen haikufikishi Emirates hata kwa dawa.

BARCELONA: SUBIRI PASAKA

Hapa hesabu inabadilika. Kila Pasaka mkoa wa Girona, kaskazini mwa Barcelona, unachezwa mashindano ya vijana yanayoitwa MIC. Wakati huo La Liga iko kwenye lala salama, kila pointi inagombewa. Kijana anacheza mwenyewe, na ratiba ikikubali anawaona wakubwa wakipigana. Kwa anayetaka Hispania, huo ndio wakati wake. Julai mtakutana na joto na watalii.

GOTHENBURG: MECHI ZA UHAKIKA

Jiji la pili kwa ukubwa Sweden. Gothia Cup inapigwa hapa kila Julai tangu 1975, wavulana na wasichana, timu zaidi ya elfu moja kutoka kona zote za dunia. Sherehe ya ufunguzi hufanyika Ullevi, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1958.

Uzuri wake ni mfumo. Mnaanza kwenye makundi, halafu timu za juu zinaingia mtoano A, za chini zinaingia mtoano B. Maana yake hata mkipigwa mechi zote za kundi, hamjafunga virago. Kwa timu iliyosafiri kilomita zote hizo, hilo ni jambo kubwa.

Kuna la pili. Ligi ya Sweden huchezwa kuanzia masika hadi vuli, kwa hiyo Julai inaendelea. Ratiba ikikaa vizuri, watoto wanaweza kuiona IFK Göteborg, klabu iliyobeba Kombe la UEFA mara mbili, 1982 na 1987. Viwanja vya Heden viko katikati ya jiji, na tramu zinafika karibu kila mahali.

OSLO: NJIA YA MATHARE

Norway Cup ilianza 1972, na viwanja vyake vingi viko pamoja kwenye tambarare ya Ekeberg, juu ya jiji. Kwa kocha mwenye timu tatu za umri tofauti, hiyo ni nafuu. Unatembea tu kutoka mechi moja kwenda nyingine.

Huku tuna historia. MYSA ya Mathare, Nairobi, iliyoanzishwa 1987, ilianza kwenda Oslo mwaka 1990, na vijana wake wamerudi na makombe. Kwao nafasi haikuwa ya mwenye fedha. Timu za MYSA hupata pointi za ligi hata kwa kufanya usafi mtaani. Kutoka shina hilo ikazaliwa Mathare United, bingwa wa Kenya 2008.

Ubaya wa Oslo ni bei. Chakula na usafiri ni ghali, usije ukasema hukuambiwa.

HJØRRING: KAMJI KADOGO, FAIDA KUBWA

Ni mji mdogo kaskazini mwa Denmark. Hakuna klabu ya kujivunia kwenye Instagram. Lakini Dana Cup inapigwa hapa tangu 1982, na wiki hiyo mji mzima unakuwa wa watoto wa mpira. Mlezi mwenye vijana ishirini halali na hofu ya kumpoteza mtu kwenye treni za chini ya ardhi.

Tena Dana Cup huifuata Gothia Cup wiki inayofuata, na kuna meli kutoka Gothenburg hadi Frederikshavn, jirani na Hjørring. Viza moja, mashindano mawili. Piga hesabu.

MAMBO YA KUJIPANGA

Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa kuanzia miaka 12, na 45 kwa wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msisubiri wiki ya mwisho. Ridhaa ya wazazi kwa maandishi ni lazima.

Malazi ya bei nafuu kwenye mashindano haya ni madarasa ya shule, na mara nyingi godoro la upepo unakuja nalo. Jua la Julai kule linazama karibu saa nne usiku, hivyo kocha ajiandae kuwalazimisha watoto kulala kungali kweupe.

HAPA NDIPO WENGI WANAPIGWA

Akitokea wakala akakwambia kijana wako wa miaka 15 atabaki kwenye akademi ya Ulaya baada ya mashindano, funga mkoba. Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, na milango michache iliyoachwa wazi haimhusu kijana aliyetoka Tandale au Kayole kwa viza ya mashindano. Akibaki, anakuwa mtoto asiye na klabu, asiye na shule, asiye na vibali. Na wenzake wa mwakani watalipia ubalozini.

Kwa hiyo timu inayokwenda mara ya kwanza, kura yangu naipa Gothenburg. Mwenye timu nyingi, za wasichana zikiwamo, aende Oslo. Mwenye walezi wachache akaijaribu Hjørring. Emirates na Bernabéu zipo tu. Kinda akiiva, atafika kwa miguu yake.