Wino mweusi na tone la damu

Kwenye droo ya mama yangu kuna mashine ya kupimia sukari ambayo betri yake bado nzima. Imelala humo kwa sababu stripu zimekwisha, na za kampuni nyingine haziingii. Mashine hununuliwa mara moja. Stripu, kila kukicha.

Nilichukua stripu iliyokwisha kutumika nikaikwangua kwa ukucha. Nikatoka na weusi kama wa masizi. Ni wino wa kaboni, na huchapwa kama vijana wetu wanavyochapa fulana za kampeni: kitambaa chenye matundu madogo huwambwa kwenye fremu, pasipotakiwa wino huzibwa, kisha wino huburutwa juu yake kwa mpira. Chini, badala ya fulana, kuna plastiki. Shiti moja hutoa stripu nyingi; hukaushwa kwenye oveni, zikakatwa.

Akili ya stripu imo katika kimeng'enya kilichopakwa juu ya wino huo, ambao ndio elektrodi yake. Mwaka 1962, Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons walieleza namna ya kukishikiza kimeng'enya kwenye elektrodi ili kipime glukosi. Katika stripu za leo, kimeng'enya huipokonya glukosi elektroni, nazo huwa mkondo mdogo wa umeme. Sukari ikizidi, mkondo nao huzidi. Mwaka 1987 kipimo cha ExacTech, chenye umbo la kalamu, kikaingia sokoni.

Badala ya kimeng'enya ukiweka kitu kinachonasa kirusi au protini ya ugonjwa mwingine, elektrodi ileile hupata kazi mpya. Mwaka 2021, kundi la César de la Fuente wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichukua risasi ya penseli, ambayo nayo ni kaboni, likaipaka ACE2, protini ambayo kirusi cha korona huishika ili kuingia kwenye seli. Kirusi kikinasa, mkondo hupungua. Jibu lilipatikana kwa dakika 6.5, kwa gharama ya dola 1.50. Nayo mashine ya kusoma? Maabara ya George Whitesides, Harvard, ilishaonyesha mwaka 2014 mashine ya dola 25 inayotuma majibu kwa sauti kupitia simu yoyote, hata kitochi.

Penseli isitudanganye, hata hivyo. Kaboni ni rahisi. Protini iliyo juu yake ndiyo inayodeka. Joto na unyevu huiua. Damu nayo ina mengi: vitamini C na parasetamoli huweza kutoa elektroni zao, kipimo kikadhani ni sukari. Na stripu ya kwanza kwenye shiti lazima isome sawasawa na ya mwisho, maana mgonjwa atajidunga insulini kwa kuiamini namba hiyo.

Ndiyo maana naujali sana mkono unaochapa. Niliipeleka stripu ya mama kwa kijana anayechapa fulana mtaani kwetu. Aliigeuza kwenye mwanga, akanionyesha nisichokuwa nimekiona: chini ya weusi kuna mstari wa wino wa fedha, uliotangulia kuchapwa na kukauka. Hakuuliza inapima nini. Aliuliza kitambaa kilichoichapa kina nyuzi ngapi kwa inchi.