Pikipiki Nyingine, au Basi?

Mwendeshaji wa bodaboda akianguka kwenye barabara ya Kitale kwenda Kiminini, wageni wa kwanza kufika wodini huwa ni wenzake wa steji. Huja na maziwa, mkate, na mchango waliokusanya asubuhi. Kabla hawajaondoka, mmoja wao huuliza: utanunua nyingine, ama unaachana nayo? Mgonjwa naye hujibu papo hapo. Wapo wanaoapa kwamba hawatagusa pikipiki tena maishani, na wapo wanaosema mwezi ujao watakuwa barabarani. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimewaona wengi wa pande zote mbili wakibadilisha jibu baadaye, na siwalaumu, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna maswali mawili. La kwanza ni kama mwili huu unaweza kuendesha. La pili ni kama nyumba hii inahitaji kuwa na pikipiki. Mtu anaweza kuwa na pikipiki asiiendeshe, na anaweza kuendesha ya mwingine bila kununua yake. Ningependa kila familia iyatenganishe maswali hayo na kuanza na la mwili.

Pikipiki zetu za kazi, iwe Boxer au TVS, hugawa kazi kwa viungo vinne na hakuna kiungo cha akiba. Mkono wa kulia huvuta mafuta na kushika breki ya mbele. Wa kushoto hushika klachi. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma, na ndio unaopiga kiki asubuhi ya baridi stata ikigoma. Wa kushoto hubadilisha gia, na pikipiki ikisimama ndio wengi hutua nao chini. Basi usijiulize tu kama umepona. Jiulize kiungo kilichoumia kilikuwa na kazi gani, na kama kinaweza kuifanya kazi hiyo kikiwa kimebeba mzigo. Pikipiki yenyewe ina zaidi ya kilo 100. Ongeza abiria. Wakati wa mavuno ya mahindi, ongeza gunia la kilo 90 kutoka shambani Machewa hadi barabara kuu, kwenye udongo mwekundu wa chini ya Mlima Elgon ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Jeraha linalodanganya watu kuliko yote ni la muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Kwa mtu mzima, mfupa huo ukivunjika kabisa huchukua miezi 4 hadi 6 kuunga, na ukiwa umetoboa ngozi na jeraha kuingia uchafu, unaweza kuchukua muda zaidi. Siku hizi madaktari wa Kitale, Bungoma na Eldoret huweka chuma kirefu ndani ya mfupa, na baada ya wiki chache mgonjwa anatembea. Akitupa magongo, jirani wanasema amepona. Lakini anayebeba uzito wakati huo ni chuma. Mfupa bado unajengwa. Chuma nacho huchoka. Kikipindwa kidogo kidogo kila siku, kwa kiki, kwa mashimo, kwa kushikilia pikipiki isianguke, kinaweza kuvunjika ndani ya mguu kabla mfupa haujashika. Mtu huyo hurudi chumba cha upasuaji, na safari hii kazi ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Kutembea bila magongo si ushahidi kwamba mfupa umeunga. Ushahidi ni picha ya eksrei iliyosomwa na daktari, pamoja na mguu usiouma ukikanyagia uzito wote. Anayevuta sigara ajue pia kwamba sigara huchelewesha mfupa kuunga. Hilo limethibitishwa, na ningetamani liambiwe kila mgonjwa siku ya kwanza.

Najua wengi wetu huku hupitia kwa wakandaji wa mifupa kwanza, na sitawatukana wazee ambao jamii imewategemea miaka na miaka. Ombi langu ni moja tu: picha ipigwe kabla ya kukandwa. Mfupa uliovunjika ukikandwa bila kuonekana unaweza kuunga ukiwa umepinda, na mguu uliopinda hautasimamisha pikipiki na abiria kwenye mteremko.

Baada ya picha kuwa nzuri, kuna jambo lingine ambalo wagonjwa hawalitarajii. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima madereva wa magari waliovunjika mguu wa kulia. Uwezo wao wa kukanyaga breki haraka ulirudi kawaida karibu wiki 6 baada ya kuanza kukanyagia uzito. Wale walikuwa wameketi ndani ya gari lenye magurudumu manne. Kwetu mimi huanza na majaribio ya chini, bila injini. Simama kwa mguu ulioumia peke yake sekunde 30 bila kushika ukuta. Inuka kwa vidole vya mguu huo mara nyingi, ukilinganisha na mguu mzima. Chuchumaa na uinuke. Kisha panda pikipiki iliyozimwa, mwenzako akae nyuma, uilaze kidogo upande wa mguu ulioumia na uishikilie. Mguu ukitetemeka, au ukijikuta unasukuma kwa mgongo, bado. Ukishafaulu hapo, nenda uwanja wa shule siku ya Jumapili ukafanye breki za ghafla bila abiria. Anayefaulu uwanjani ndiye aende steji.

Kichwa kina saa yake, na haionekani kwenye picha ya mguu. Kama ulizimia, hata dakika chache, au hukumbuki ajali ilivyotokea, angalia haya: kichwa kuuma mchana wote, kelele za steji kukuudhi kuliko zamani, usingizi wa ajabu, kusahau abiria alisema anashukia wapi. Hizo ni dalili kwamba ubongo haujatulia, na ubongo ambao haujatulia huchelewa kuona lori linaloibuka kutoka barabara ya shamba. Aliyepata kifafa baada ya kuumia kichwa asiendeshe kabisa mpaka daktari wake aseme, na hapo sitafuti maneno laini, kwa sababu nyuma yake ameketi mtoto wa mtu.

Hofu nayo isidharauliwe. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi, na wiki za kwanza ndoto mbaya ni jambo la kawaida. Zikipita zaidi ya mwezi, ukawa unakwepa hata kupita pale ulipoanguka, au mikono inalowa jasho ukisikia honi, hiyo inatibika, na mshauri wa hospitali ndiye wa kumwona. Wanaume wengi huificha hofu hii kwa sababu steji ina maneno. Mama watoto ndiye hujua, maana ndiye anayelala kando.

Kwa baadhi ya watu jibu la swali la kwanza ni hapana, na ni heri lijulikane mapema. Mguu ambao mshipa wake wa fahamu umekatika na hauwezi kuinua wayo huburuta breki upande wa kulia au hushindwa kuingiza gia upande wa kushoto. Goti lisilokunja huacha mguu umetokeza nje, ukingoja kugongwa. Mfupa unaotoa usaha mwaka mzima hauhitaji mtikisiko wa murram. Hapo mimi husema wazi: acha kuendesha. Nimesema kuendesha, sijasema pikipiki.

Sasa twende kwenye pesa, kwa maana hapo ndipo uamuzi huharibikia. Pikipiki nyingi za huku kwetu Saboti zimenunuliwa kwa mkopo, na mkopo hauna likizo ya ugonjwa. Tuseme malipo ni shilingi 400 kwa siku. Miezi 6 nyumbani ni siku 180 hivi, yaani shilingi 72,000, bila faini. Anayerudi barabarani baada ya miezi 2 anajiona ameokoa 48,000. Chuma kikivunjika mguuni, miezi 6 inaanza upya, na bili ya upasuaji juu. Hesabu hiyo ndiyo ningependa ifanywe kwa kalamu na karatasi, mezani, pamoja na mke au mzazi, kabla mtu hajaficha magongo chini ya kitanda.

Aliye na deni amwarifu mkopeshaji mapema, kwa maandishi, akiambatisha karatasi za hospitali, na aulize kama kwenye mkataba kuna bima ya ajali ya mkopaji. Mikataba mingine inayo na mwenye nayo hajui, kwa sababu alitia sahihi siku ya furaha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inamtaka mkopeshaji atoe notisi kabla ya kuuza kilichotwaliwa. Bima ya lazima ya pikipiki nayo ni ya kulipa wengine walioumizwa. Haikutengenezei pikipiki yako. Lakini kama aliyekugonga ni mwenye gari na kosa ni lake, wewe ndiye wa kulipwa na bima yake, na sheria inakupa miaka 3 kufungua kesi ya majeraha. Chukua abstrakti polisi, jaziwe fomu ya P3, tunza risiti zote. Pikipiki iliyoharibika isiuzwe kwa wa vyuma chakavu kabla haijapigwa picha na kukaguliwa, kwa kuwa hiyo ni sehemu ya ushahidi wako.

Ikifika kwa fundi, mwambie aanze na fremu, na vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele. Taa, tanki na viti hubadilishwa. Fremu iliyopinda karibu na usukani hunyooshwa kwa moto ikaonekana safi, na baadaye pikipiki huvuta upande mmoja ukishika breki. Hiyo ningeiacha, hata ikiwa bei ni ya kuvutia.

Kama imetengenezeka vizuri, basi jibu la swali la pili linaweza kuwa ndiyo wakati la kwanza bado ni subiri. Kijana mwingine mwenye leseni ya daraja la A3 aendeshe, alete kiasi mlichoandikiana kila jioni, na deni lisonge wakati mfupa unaunga. Mwenye mguu ambao hautarudi anaweza kuendelea hivyo miaka, huku akifungua banda la vipuri au kurudi kwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa. Bima iwe hai muda wote, kwa kuwa kijana huyo akimgonga mtu, mwenye pikipiki anaweza kushtakiwa pamoja naye. Na kama hesabu ya mwezi haimlipi kijana na mkopo pia, uza mapema ikiwa bado ina thamani, kwa idhini ya mkopeshaji.

Anayerudi mwenyewe achague kurudi kiangazi, mchana, kwenye lami, bila mizigo mizito. Alipe bima ya afya ya SHA ya mwaka mzima kabla ya kununua vioo vipya. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na chuma cha mguuni huenda kikahitaji kutolewa siku moja. Anunue pia helmeti mpya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, lakini sponji ngumu ya ndani hufanya kazi hiyo mara moja tu. Ikishabonyea kwa ajali hairudi, hata kama nje kunang'aa. Ile ya zamani ikatwe kamba kabla ya kutupwa, asije mwenzako wa steji akaiokota na kumvisha abiria.