KUFUNDISHA KANIENEO: KWA NINI MAJI NA MAWE HAVIBANIKI KAMA HEWA

Miongoni mwa sentensi ambazo huandikwa ubaoni bila kufikiriwa sana ni hii: "Gesi hubanika, vimiminika na mango havibaniki." Mtoto huinakili, huikariri na huirudisha katika mtihani. Hata hivyo, sentensi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, si kweli kamili. Pili, haimwonyeshi mtoto sababu. Azma ya makala haya ni kumwezesha mwalimu mwanafunzi kuifundisha mada hii kwa ukweli na kwa vifaa vichache.

Maana ya kanieneo

Kanieneo ni kani inayosukuma juu ya kila kipimo cha eneo. Kisu kikali hukata kuliko kisu butu, ijapokuwa mkono umetumia nguvu ile ile, kwa kuwa makali yake yana eneo dogo zaidi. Hewa inayotuzunguka nayo hutusukuma kila upande. Kanieneo yake ya kawaida katika usawa wa bahari huitwa angahewa moja.

Jaribio

Tafuta bomba la sindano jipya, lisilo na sindano. Mabomba yaliyokwisha kutumika kwa wagonjwa yasiingie darasani kamwe. Kabla ya kila hatua, waulize watoto wanatazamia nini, nawe usiwape jibu.

(a) Vuta hewa hadi nusu ya bomba. Mtoto azibe tundu kwa kidole na kusukuma pistoni. Pistoni itaingia, na akiiachia itarudi.

(b) Rudia kwa maji, ukihakikisha kwamba hakuna kiputo cha hewa kilichobaki. Safari hii pistoni haisogei.

(c) Wape watoto kijiwe wakifinye kwa vidole, kisha kipande cha sponji.

Hapana shaka mtoto mmoja atasema kwamba sponji ni mango, mbona inabonyea? Swali hilo ni zuri, mwalimu asilikwepe. Zamisha sponji ndani ya maji, uifinye, na watoto waone viputo vikitoka. Kilichoondoka ni hewa iliyokuwamo matunduni. Nyuzi za sponji zimejikunja tu, hazikupungua.

Sababu

Maada yote imefanywa kwa chembe ndogo sana. Chembe za gesi ni kama watoto wachache wanaokimbia katika uwanja mpana: nafasi tupu ni kubwa kuliko wao wenyewe, hivyo waweza kuwasogeza pamoja. Chembe za kimiminika ni kama abiria katika basi lililojaa: wanaweza kupishana, lakini nafasi ya kuwabana zaidi haipo. Chembe za mango ni kama matofali ya ukuta: zimekaribiana, tena kila moja ina mahali pake. Kwa hiyo tofauti iko katika nafasi iliyopo kati ya chembe na chembe.

Kidogo mno, lakini si sifuri

Katika karne ya 17 wataalamu wa Florence, Italia, walijaza maji katika tufe la fedha, wakaliziba, kisha wakaligonga kwa nyundo. Maji yalipenya katika fedha na kutoka nje kama jasho, nao hawakuweza kuonyesha kwamba yalikuwa yamebanika. Mwaka 1762 Mwingereza John Canton alionyesha kwamba maji hubanika, ila kwa kiasi kidogo sana.

Mwalimu aweza kukilinganisha kiasi hicho hivi. Chukua lita moja ya hewa iliyo katika kanieneo ya kawaida, uiongezee angahewa moja zaidi bila kubadili joto lake: itabaki nusu lita. Ukifanya vivyo hivyo kwa lita moja ya maji, yatapungua kwa kiasi cha tone moja tu. Chuma hupungua mara 70 hivi chini ya hapo. Hata katika vilindi vya bahari, mita 11,000 chini, ambako kanieneo hupita angahewa 1,000, ujazo wa maji hupungua kwa asilimia 5 hivi.

Faida ya kulijua jambo hili

Katika gari, dereva anapokanyaga breki, mafuta yaliyomo katika mabomba hupeleka msukumo wa mguu wake hadi kwenye magurudumu, kwa kuwa hayabaniki kwa urahisi. Hewa ikiingia humo, mguu huibana hewa kwanza. Kanyagio huzama na gari huchelewa kusimama. Tofauti ile ile ambayo mtoto ameihisi kwa kidole chake yaweza kuokoa au kupoteza maisha ya abiria.

Katika kemia nako ni hivyo hivyo. Mawe ya matumbawe yakichomwa kwa joto kali, hutoa chokaa pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Mawe na chokaa ni mango. Kuvibana hakubadilishi mengi. Lakini gesi hiyo ikifungiwa pamoja na chokaa, kanieneo yake huongezeka, na sehemu yake huungana tena na chokaa kuwa jiwe. Ndiyo maana tanuu la chokaa huachiwa njia ya kutolea gesi. Kwa kawaida, mabadiliko ya kanieneo huathiri sana badiliko la kikemia pale ambapo gesi inatumika au inatolewa.

Kwa hiyo sentensi ya ubaoni na iandikwe hivi: "Gesi hubanika kwa urahisi, vimiminika na mango hubanika kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu chembe zao zimekaribiana." Tena iandikwe mwisho wa somo, baada ya kila mtoto kusukuma pistoni kwa mkono wake mwenyewe.