Utangulizi: Kukipima Kipimo

Kama umewahi kusiliba herufi kwa penseli huku msimamizi akipita nyuma yako polepole, taaluma ya upimaji umeshaionja, ila kwa upande wa mtahiniwa. Kitabu hiki kinakuhamishia upande wa pili wa meza.

Ninaandika nikiwa Amani, Usambara Mashariki, walikoanzisha Wajerumani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mvua huku haina uhaba. Lakini weka kipimamvua chini ya mti uliofunga majani, kitakuambia kuna ukame, na wewe umelowa chapachapa.

Mtihani wa taifa nao ni chombo, na chombo huwekwa na mtu. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, Sheria Na. 21 ya 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, hili ambalo kila mzazi analiita NECTA. Tangu hapo matokeo yakitoka, vijiweni huulizwa jambo moja: nani kafaulu? Sisi tunaanzia nyuma ya hapo: alama hii imepatikanaje, na inasema nini?

Chukua kidato cha nne cha 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Vilio vikaenea kuanzia sokoni hadi bungeni. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa 2011, na ilipofika mwisho wa Mei maelfu zaidi walikuwa wamefaulu. Hakuna aliyerudi chumba cha mtihani. Mtoto yuleyule, majibu yaleyale, daraja jingine! (Na hata hivyo zaidi ya nusu walibaki na sifuri zao, jambo tulilolisahau upesi mno.)

Kuna pia suala la lugha. Mtoto wa huku huenda akaongea Kisambaa nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, kisha miaka minne baadaye akajibu bailojia kwa Kiingereza. Akikosa, kimemshinda nini: bailojia au Kiingereza? Wataalamu huliita hilo suala la uhalali wa mtihani. Mimi naliita pia suala la haki, na sura ya tatu yote ni yake.

Hesabu zimo, ila si za kutisha. Sura ya kwanza inaanza na maswali kumi ya kuchagua. Chukua penseli uyajibu kabla hujasoma mbele. Majibu sikuyaweka nyuma ya kitabu.